Mshale Hauna Ndugu

Asiatique ni mtaa wa maduka. Jina lake linatoka enzi za Wabelgiji, wakati mji wetu wa Bujumbura uliitwa Usumbura na watu waligawiwa mitaa kwa asili yao: wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu huku, Waafrika kule Buyenzi na Bwiza. Siku hizi anakaa yeyote anayeweza kulipa kodi, lakini biashara imebaki, na Kiswahili kimebaki. Ukitafuta buji, mkanda wa injini au mpira wa breki, utazunguka hapo, na ukikosa utavuka uingie Buyenzi. Ndiyo maana vijana wengi wa Kikongo ninaofanya nao kazi wanajifunza umekanika kwenye garaji za upande huu.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni vijana. Natafuta garaji inayokubali kumpokea mtu asiye na diploma wala mjomba mjini, halafu napita kila wiki kuangalia anaendeleaje. Nimeona jambo moja linajirudia: gari likisumbua, lawama inashuka ngazi kwa ngazi mpaka imfikie yule asiye na wa kumtetea. Mara nyingi huyo ni mkimbizi.

Chukua mfano wa Corolla moja ya miaka ya 1980, ile ya karbiretari na delko (wenzetu wa Tanzania wanasema distribyuta). Ilikuwa taksi. Kijana wetu mmoja alisafisha karbiretari yake na kuifunga vizuri. Wiki mbili baadaye dereva akarudi na hasira: gari halina nguvu, linakunywa esansi bila huruma, na kwenye mlima wa Bugarama injini inagonga kama misumari ndani ya kopo. Kilikuwa kipindi cha foleni za esansi, watu wanalala kituoni na vidumu vyao. Kwa mwenye taksi kila lita ilikuwa chakula cha watoto. Patroni hakuuliza mengi. Alisema kijana ameharibu injini, atakatwa pesa ya chakula mpaka deni liishe.

Sasa angalia: hapo hakuna mtu aliyepima kitu. Watu walisikiliza injini, wakamwangalia kijana, basi.

Tulimwendea mzee mmoja fundi wa siku nyingi, anayezijua Peugeot 504 na Corolla za karbiretari kama mkono wake. Alikuja na vitu viwili: geji ya vakyumu na lampi ya kupimia alimaji. Kabla ya kufungua boliti hata moja alitufundisha, na mimi niliandika.

Pistoni ikishuka inanyonya hewa, kama wewe unavyonyonya soda kwa mrija. Injini ikiwa ralanti, kipepeo cha karbiretari karibu kimefungwa, kwa hiyo mvuto ndani ya manifoldi unakuwa mkubwa. Geji inapima mvuto huo. Vitabu vinasema injini nzima inasoma inchi 17 mpaka 21 za zebaki, na mshale unatulia. Lakini vitabu hivyo vinahesabu kutoka usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 300 hivi unapoteza karibu inchi moja. Bujumbura iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 770, kwa hiyo 15 mpaka 18 hapa ni afya. Ninyi mlioko Musasa, Bwagiriza au Kavumu mko juu zaidi, punguzeni zaidi. Usimlaumu mtu kwa sababu ya mlima.

Mshale ukishuka kidogo kwa mpigo uleule kila mara, shuku valvu moja. Ukitulia lakini uko chini, kuna mawili ya kufikiria kwanza: hewa inaingia mahali, au alimaji imechelewa. Hapo ndipo mafundi wengi wanakosea njia, kwa sababu kuzungusha delko ni kazi ya dakika moja na kutafuta tundu ni kazi ya saa nzima. Ukiiwahisha cheche, ralanti inapanda, unaona umepona. Tundu bado lipo.

Corolla yetu ilisoma 12, mshale umetulia. Mzee akabana mipira mmoja mmoja kwa koleo, taratibu. Alipobana ule mpira mnene wa servo ya breki, mshale ukapanda mpaka 15. Mpira ulikuwa umepasuka chini, na ndani ya ufa mlikuwa na vumbi na grisi ya siku nyingi. Si ufa wa wiki mbili. (Wengine wanatafuta tundu kwa kumwagia esansi. Msifanye hivyo, injini ya moto itawaunguza. Maji kwenye chupa yenye tundu dogo yanatosha: yakiziba ufa, sauti ya injini inabadilika.)

Kisha akachomoa mpira mwembamba unaoingia kwenye kapsuli ya delko, akaunyonya kwa mdomo na kuziba kwa ulimi. Kapsuli nzima inashika ulimi. Hii haikushika, ngozi ya ndani ilichanika. Kazi ya kapsuli ni kuwahisha cheche gari likitembea bila mzigo, maana mchanganyiko mwembamba unaungua polepole. Ikifa, unalipa kwenye esansi.

Mwisho, lampi. Mpira wa kapsuli umechomolewa na kuzibwa, ralanti chini, mwanga kwenye puli. Alama ilikuwa mbali kabisa: cheche inawaka mapema mno. Ndiyo ile misumari ya Bugarama. Boliti ya delko ilikuwa na mng'ao mpya wa spana.

Mzee akamwuliza dereva kwa upole, "Mwanangu, baada ya karbiretari, nani mwingine aligusa hili gari?" Dereva akafikiri. Alipita garaji Jumamosi, ralanti ikiwa chini, na fundi mwingine "akazungusha kidogo" kwa sikio. Jumamosi vijana wetu wote wako darasani kwangu. Jina la kijana lipo kwenye orodha.

Mpira mpya ulipatikana Asiatique, kapsuli ya mtumba Buyenzi. Alimaji ikarudishwa kwenye alama, mshale ukakaa karibu 16. Makato yalisimama. Pesa iliyokwisha kukatwa haikurudi, na hakuna aliyesema pole.

Ndugu zangu mnaofanya kazi kwenye mashirika, asanteni kwa masanduku ya spana. Wekeni na geji moja ndani. Spana inampa kijana kazi, lakini siku ya lawama haimtetei. Mshale hauna ndugu wala kabila, hauulizi kitambulisho.

Kijana yuko garaji ileile. Kabla ya kugusa gari anaandika kwenye daftari tarehe, geji inasoma ngapi na alama ya alimaji iko wapi, halafu anamwomba mwenye gari atie sahihi. Mwanzoni walimcheka. Sasa wengine wawili wameniomba madaftari.