Mto Ragati na Samaki wa Maji Baridi

Mtu asafiriye kwa gari kutoka Nairobi kwenda Nyeri hufika kwanza Sagana, penye joto kiasi, ndipo barabara ianzapo kupanda vilima hadi Karatina. Mji huu wajulikana mbali kwa soko lake, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi katika Afrika Mashariki. Viazi, kabichi na ndizi hulundikwa hapo kama vichuguu, lakini samaki sicho kitu ambacho mnunuzi hukiulizia kwanza. Sababu yake si ngeni: wazee wa Kikuyu hawakuwa walaji wa samaki.

Hata hivyo mto wenye samaki wapita karibu na mji. Ragati huzaliwa katika misitu ya Mlima Kenya, na mwisho huungana na Sagana, ambao ndio Tana yenyewe katika ujana wake. Ndani yake wamo trauti, samaki wasiokuwa wenyeji wa nchi hii. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai yao kutoka Scotland, akayatia katika mto Gura uteremkao kutoka milima ya Nyandarua. Baadaye mito mingine ya milimani ilitiwa samaki hao pia.

Kanuni za zamani za uvuvi huu zilimtazama mvuvi peke yake: awe na leseni, atumie ndoana iliyofungwa manyoya mfano wa nzi, asichukue samaki wadogo wala kuzidisha hesabu. Kanuni hizo zilikuwa na maana. Lakini mkulima wa ukingoni hakushirikishwa katika neno lolote. Kwake trauti alikuwa mali ya wageni, na kama angemgusa angeitwa mwizi. Ni nani alindaye mali asiyokuwa na fungu ndani yake?

Tena samaki huyu haangamizwi na ndoana tu. Ataka maji baridi, safi na yaendayo kasi, na jike lake hufukia mayai katika changarawe. Shamba likilimwa mpaka ukingoni, mvua huteremsha udongo, tope hufunika changarawe, na mayai hukosa hewa yakafa. Wakati wa kiangazi, mashine za kunyunyizia mboga zikivuta maji kupita kiasi, yabakiayo hupata joto. Basi wavuvi wote waweza kushika sheria, na mto ukabaki mtupu!

Mambo yamebadilika kidogo kwa upande wa sheria. Katiba ya mwaka 2010 iliwapa serikali za kaunti sehemu ya kazi ya uvuvi, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2016 yakataza kuvua kwa sumu na baruti. Vyama vya watumiaji maji, vilivyotambuliwa na Sheria ya Maji ya mwaka 2002, huwakutanisha wa juu na wa chini ya mto. Huko ndiko samaki angepaswa kutajwa pamoja na mifereji. Mara nyingi mifereji hushinda.

Msomaji atauliza habari za vidimbwi. Vituo vya Sagana na Kiganjo vilijengwa mwaka 1948 kufundisha ufugaji, Sagana kwa samaki wa maji ya vuguvugu, Kiganjo kwa trauti. Mwaka 2009 Serikali ilianza mpango mkubwa: vidimbwi 200 katika kila jimbo la uchaguzi, kwa majimbo 140, na kiwanda cha kutengeneza samaki kikajengwa Wamagana, Tetu. Msaada ulipokwisha, vidimbwi vingi viliachwa. Chakula cha samaki kilikuwa ghali, wanunuzi hawakuwa wameandaliwa, na tilapia hukua polepole katika baridi ya milimani. Aliyeanza kwa vifaranga vya bure hakuwa amepiga hesabu ya gunia la chakula.

Ukingo wa mto, kwa upande wake, hauhitaji fedha nyingi. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaka nafasi isiyolimwa, isiyopungua mita 6 kutoka kwenye maji. Mkulima aweza kuacha hapo nyasi na miti ya asili ishike udongo, bila kupanda mikaratusi, ambayo hunywa maji mengi. Ng'ombe nao wanyweshwe kwenye birika, mbali na changarawe.