Chombo Chako, Kijue: Mimi na Vespa Yangu



Leo naweka vitambaa na lulu pembeni kidogo. Nataka kuzungumza juu ya Vespa yangu, kwa sababu iko siku ilinifunza somo ambalo mpaka leo linaniuma, na sipendi mwengine alipate kwa njia ile ile.

Vespa hii niliinunua kwa pesa ya kushona. Si mpya, ni ya gia, injini yake ya 150, ile ya kuchanganya petroli na oili. Nilipoipata nilisujudu. Basi tena, hakuna kungoja daladala juani na gauni la harusi mkononi! Kwa miaka mitatu kazi yangu ilikuwa kutia petroli na kupanda. Ikisumbua naipeleka kwa fundi, nakaa kwenye benchi, natajiwa bei, nalipa. Siulizi kitu. Siku moja fundi akaniambia, "Dada, zidisha oili, injini inapenda oili." Nikazidisha. Kila nikijaza tangi natia kwa kukisia, na mkono wangu ulikuwa mzito.

Ikaja Alkhamisi moja. Bibi harusi yuko Fuoni, gauni analisubiri alivae baada ya Maghrib. Nimelimaliza alasiri, nikalikunja kwenye mfuko, nikatoka dukani Darajani. Nilipofika Amani Vespa ikakohoa mara mbili, ikazimika. Nikapiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Vijana wakaja kusukuma, haikuwaka. Simu inalia na mimi naona haya kuipokea. Mwisho nikaiacha kwa mwenye duka nikatafuta teksi, na foleni ya jioni mnaijua. Nilifika adhana ya Isha imeshatoka. Bibi harusi amevalishwa gauni la kuazima, picha zimeshapigwa. Mama yake hakunipigia kelele. Alinitazama mbele ya wanawake wote akasema, "Tulikuamini, mwanangu." Afadhali angenitukana.

Asubuhi yake nilikwenda Amani na mzee mmoja jirani yetu, mtu wa Vespa tangu ujana wake. Akafungua kifuniko cha upande wa kulia, akachomoa waya, akaitoa plagi. Nyeusi tititi, imelowa oili. Akaipangusa kwa kitambaa, akaisugua kwa brashi ya waya, akairudisha. Kiki ya pili ikawaka. Mambo ya dakika tano! Akaniuliza, "Spana ya plagi huna, mwanangu?" Nikafungua kisanduku cha mbele. Ilikuwemo, imo tangu siku niliyoinunua. Sikuwahi hata kuigusa.

Nililia pale pale barabarani. Kumbe si Vespa iliyoniaibisha, wala si petroli mbaya kama nilivyowaambia watu. Ni mkono wangu mwenyewe uliozidisha oili, kwa maneno ya mtu, bila ya mimi kujua kwa nini.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza, na nilicheka nilipojua historia yake. Vespa ilizaliwa Italia mwaka 1946. Piaggio ilikuwa kampuni ya ndege. Vita vilipokwisha kiwanda chake cha Pontedera kilikuwa kimeharibiwa kwa mabomu, na watu wanahitaji chombo rahisi cha kwendea kazini. Mhandisi wake, Corradino D'Ascanio, alikuwa mtu wa ndege na helikopta, na pikipiki hakuzipenda: zinachafua nguo, na tairi yake ni tabu kubadilisha. Ndiyo maana Vespa ina ubapa wa kuweka miguu, huna haja ya kuitanua. Injini imefunikwa, gia ziko mkononi, na gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja tu, kama la ndege. Jina lenyewe kwa Kitaliano ni nyigu. Basi chombo hiki tangu mwanzo kilifikiriwa kwa mtu anayejali nguo zake. Sisi wa buibui tunafaa nini tena?

Na mshoni, wallahi, hana udhuru. Charahani ikishona vibaya hatuangalii juu, tunageuza kitambaa tukatazama upande wa chini. Uzi wa chini ndio unaokwambia shida iko wapi. Plagi ndiyo upande wa chini wa Vespa. Ukiitoa ikawa na rangi ya kahawia, mambo mazuri. Ikiwa nyeusi na imelowa, mara nyingi oili imezidi. Ikiwa nyeupe, injini inapata joto kupita kiasi. Usiendelee kwenda nayo, mwite fundi. Nafasi ya mdomo wa plagi yangu ni milimita 0.6, na mtu anayepima mshono kwa jicho kila siku hashindwi na hiyo.

Haya ndiyo ninayoyafanya mwenyewe siku hizi. Oili naipima: asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, na lita 5 zinataka mililita 100. Natumia kikombe kilichokuja na dawa ya kikohozi ya watoto, kimeandikwa vipimo, na sasa hakitumiki kwa dawa tena. Moshi umepungua na plagi inakaa safi. Hesabu hii ni ya Vespa yangu. Yako uliza au soma kitabu chake, maana za kisasa nyingi hazichanganywi kabisa.

Oili ya gia nambari yake ni SAE 30, robo lita tu. Naimwaga injini ikiwa na joto, natia mpya. Waya za klachi na gia natia mafuta, kwa sababu chumvi ya bahari yetu haina huruma na chuma. Nikipita pwani, nikirudi naiosha kwa maji baridi na kuikausha. Tairi ikipasuka natoa ya akiba. Lakini sikilizeni hapa: fungueni nati zinazoshika gurudumu kwenye ngoma ya breki, si zile zinazounganisha vipande viwili vya ringi. Hizo ukizifungua na upepo umo ndani, ringi inaweza kuruka ikakuumiza.

Breki na kufungua injini nawaachia mafundi. Kujua si lazima ufanye kila kitu. Ila siku hizi fundi akisema jambo namuuliza kwa nini, na kifaa cha zamani naomba nikione. Bei nayo imebadilika, sijui imekuwaje!

Mama yangu mwanzo hakupenda. "Mikono ya hina leo inashika grisi?" Nikamwambia mama, nitavaa glovu. Na hili la glovu ni la dini pia, dada zangu. Grisi nzito ikiganda kwenye ngozi au chini ya kucha huzuia maji, na udhu unataka maji yafike. Kwa hiyo naosha kwa sabuni mpaka itoke yote, ndipo nitie udhu. Na mkiwa njiani, buibui likusanyeni mlikalie vizuri lisifike kwenye gurudumu la nyuma, na chini ya helmeti msivae pini. Ungio la kuvuta linatosha.

Nilikuwa nikisoma dua ya safari kila nikipanda, nikidhani nimeshamaliza wajibu. Lakini sote tunakijua kisa cha bedui na ngamia wake: Mtume (s.a.w.) alimwelekeza amfunge kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Mimi ngamia wangu nilimwacha wazi miaka mitatu, na kamba ilikuwamo kwenye kisanduku.

Yule mama nilikwenda kumuomba radhi na nikamrejeshea nusu ya pesa ya gauni. Alinisamehe, Allah amlipe kheri. Lakini binti yake wa pili alipoolewa, nguo alishona kwengine. Simlaumu. Kuna vitu husamehewa na bado havirudi.

Ndiyo maana nyinyi mabibi harusi nawaambia mapema. Kuna atakayezawadiwa Vespa na mume, na kuna atakayeinunua kwa jasho lake. Mkipewa funguo, ulizeni na spana iko wapi. Muombeni baba, kaka au mume awaoneshe plagi mara moja, kisha muitoe na kuirudisha kwa mikono yenu. Na hili halihusu Vespa tu. Jiko, mita ya umeme, daftari la duka, vyote ni amana, na amana huwezi kuitunza usipoijua.

Allah awajaalie ndoa za mapenzi na rehema, na awafikishe salama kila mnakokwenda. Amin.