Mchoro wa ampli unaosomeka hata fundi asipokuwapo

Kwenye kikao cha juma lililopita wengi mlituuliza kwa nini tulikula karibu saa nzima juu ya karatasi moja, tena karatasi ya ampli, wakati mambo ya shamba na ya likelemba yalikuwa yanangoja. Tunawajibu hapa, maana habari yenyewe ni ndefu kidogo na ndani yake mna feza zenu.

Mnakumbuka tulivyoanza. Kila tulipokutana kusikiliza habari za Radio Okapi, simu moja iliwekwa katikati ya meza na wamama 20 wakaizunguka. Waliokaa nyuma waliishia kuuliza, "Wamesema nini?" Tulijaribu kuiweka simu ndani ya bakuli, sauti ilipanda kidogo, lakini kila neno likawa kama linatoka kisimani. Kununua bafle Goma kulitushinda. Ndipo kijana mmoja anayetengeneza radio kando ya barabara akatuambia, "Mama zangu, hii kitu hata ninyi mnaweza kuifanya." Akatuchorea kwenye karatasi ya daftari: kidude cheusi chenye miguu 8 kinachoitwa LM386, kondansateri chache, rezistansi 3, kifaa cha kupandisha na kushusha sauti, na spika ya kutoa katika radio iliyokufa. Si ampli ya kuhubiria uwanjani. Kwa batri ya volti 9 haifiki hata wati 1, lakini kwa chumba cha darasa yatosha.

Tulijigawa vikundi 4. Mchoro tuliunakili ubaoni, kutoka ubaoni ukaingia madaftarini. Siku ya kujaribu, ampli moja tu ndiyo ilisema, ile ambayo kijana mwenyewe aliishika mkononi. Ya pili ilinyamaza kabisa, ya tatu ilinong'ona, ya nne ilitoa harufu ya kuungua. Vifaa vile vilinunuliwa kwa feza ya likelemba. Wamama wawili hawakuja kwenye kikao kilichofuata, na tunajua kilichowazuia ni haya, si shamba. Nasi tunaofundisha, tulioshika chaki siku ile, tulisema moyoni kwamba hawakuwa makini. Kwa hilo tunaomba radhi mbele yenu wote.

Maana jioni moja tulizipanga daftari zote mezani pamoja na ile karatasi ya kwanza, tukafuata kila mstari kwa kidole. Wamama walikuwa wamenakili vizuri sana. Kilichokuwa na kasoro ni mchoro, na zaidi ya mchoro, ubao wetu.

Tuanze na ile iliyonong'ona. Simu inatoa sauti kwa nyuzi mbili, wa kushoto na wa kulia, na kila uzi unapita kwenye rezistansi yake kabla hazijaungana. Kijana aliandika 4,7k. Ubaoni ile mkato ilikuwa vumbi tu la chaki. Madaftarini ikawa 47k, yaani mara 10 zaidi, na sauti ikabanwa njiani. Mafundi wa nchi nyingi wana dawa ya zamani ya ugonjwa huu: herufi inakaa mahali pa mkato. Wanaandika 4k7. Mkato unaweza kupotea kwenye fotokopi au chini ya tone la mvua, lakini herufi k haipotei hivihivi. Tulicheka tulipoelewa, halafu tukahesabu bei ya vifaa na kicheko kikaisha.

Iliyonyamaza ilitufundisha zaidi. Kidude chenye miguu 8 kina kipengo upande mmoja. Ukikitazama kutoka juu, kipengo kikielekea mbele, mguu wa 1 uko juu kushoto. Unahesabu kushuka hadi wa 4, unavuka kulia, unahesabu kupanda kutoka wa 5 hadi wa 8. Lakini nyuzi tunaziunga kwa tini upande wa chini wa plaketi, na ukiigeuza, kushoto kunakuwa kulia, kama mtu anayejitazama katika kioo. Kikundi kile kilihesabu vizuri, ila kwa upande wa chini. Masi, ambayo ni ya mguu wa 4, waliipeleka kwenye wa 5 unakotoka sauti, na plus ya batri badala ya kwenda kwenye mguu wa 6 ikaingia kwenye wa 3, mahali pa kuingizia sauti. Hakuna mahali karatasi ilisema "tazama kutoka juu." Maneno matatu tu!

Tena palikuwa na njia panda. Mistari miwili ikikatana katika mchoro, je, imeungana au mmoja unaruka mwenzake? Kwa desturi nukta nyeusi inasema imeungana. Bila nukta, inapitana tu kama watu wasiojuana barabarani. Lakini nukta ya biki kwenye karatasi iliyokunjwakunjwa haiaminiki. Siku hizi hatuchori tena makutano ya njia nne. Tukitaka nyuzi ziungane, tunasogeza mmoja pembeni kidogo ili kila kiungo kiwe na njia tatu. Basi penye njia nne, kila mtu anajua ni kupitana.

Ile iliyotoa harufu, mchoro wake uliandika "+" na kukomea hapo. Plus ya nini? Wamama walitumia batri ya pano ya jua, ile tunayoiita ya volti 12. Ikiwa inachajiwa mchana inaweza kupita volti 14, na LM386 ya kawaida imetengenezwa kwa volti 4 hadi 12. Tena batri ya namna hiyo, nyuzi zikigusana, inaweza kuchoma waya na hata meza. Sasa tunaandika "batri volti 9" kwa herufi kubwa, na anayetaka kutumia ya jua anaambiwa wazi asifanye hivyo kwa mchoro huu.

Mwaka 2024, mwezi wa kwanza, mnajua yaliyotufika hapa Mweso. Hatuna haja ya kuyasimulia. Kila nyumba inayo yake. Kijana wetu wa radio aliondoka na hajarudi. Ampli ile iliyosema nayo haikuonekana tena. Lakini mama mmoja alikimbia akiwa na mchoro, ameukunja ndani ya plastiki pamoja na karte yake ya uchaguzi. Alipoutoa mbele yetu, hakuna aliyeweza kuusoma wote. Mahali fulani palikuwa na alama ambayo kijana peke yake ndiye aliijua, na kijana hayupo.

Ndiyo sababu tuliuchora upya, na ndiyo ile saa nzima ya juma lililopita. Plus iko juu, masi iko chini, sauti inaingia kushoto na kutoka kulia. Kando ya kila mguu pana namba yake. Kando ya kondansateri kubwa ya kutolea sauti, ya maikrofarad 220, tumeonyesha upande wa plus, unaotazama mguu wa 5. Tumeandika pia mahali pa kupimia: kabla ya kuunga spika, mguu wa 5 uwe na karibu nusu ya batri, yaani volti 4 na nusu hivi. Ukikuta sifuri, usiendelee, rudi utafute kosa. Na miguu ya 1 na 8 iachwe bure. Ukiiunganisha kwa kondansateri ya maikrofarad 10 nguvu inapanda kutoka mara 20 hadi mara 200, na kwa sauti ya simu hiyo ni kelele tupu.

Kwa wale wanaotaka kuongeza mikro, pana transista BC547. Sokoni mtapewa labda 2N3904 na kuambiwa ni ileile. Kazi inafanya, lakini miguu ya pembeni imebadilishana nafasi, kwa hiyo tumechora zote mbili, uso bapa ukikutazama.

Jambo lililotushinda sisi walimu ni kunyamaza. Mama aliyepewa mchoro mpya, ambaye hakuwapo siku ya kwanza, alipokwama, midomo yetu ilitaka kueleza mara moja. Tulikubaliana kwamba kila akiuliza, hatumjibu kwa mdomo; jibu tunaliandika kwenye karatasi. Aliuliza mara 6. Mara ya mwisho aliuliza waya wa masi wa spika unaishia wapi, na kumbe kweli hatukuwa tumeuchora.

Jumamosi tutajaribu tena kwa mama mwingine. Mwenye radio iliyokufa ailete, tunahitaji spika 3. Leteni daftari na biki mbili, nyeusi na nyekundu. Nyekundu ni ya plus.