Konrodi Ndani ya Begi

Mwaka 2015 injini niliyoifunga kwa mikono yangu ilikufa barabarani. Ilikuwa 2L ya Toyota Hiace, matatu ya mzee aliyekuwa akiitumia kusomesha watoto. Konrodi tatu zilikuwa za injini ileile, ya nne niliitoa Grogan hapa Nairobi, nikazilinganisha kwa mizani ya kupimia nyama. Gari lilitetemeka wiki tatu, beringi zikaliwa, konrodi ikatoboa bloku. Nililipa injini nzima. Kiwanja changu kiliuzwa, mafundi wangu wawili nikawaachisha kazi, na mke wangu akaingia Gikomba kuuza mitumba ili tule.

Usiku nilipiga hesabu. Mkono wa kranki ya 2L ni milimita 46. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, gramu 10 zilizozidi upande wa kranki huivuta kranki kwa nguvu ya kilo 8 hivi, mara huku mara kule. Upande huo unazunguka, wa pistoni unapanda na kushuka. Konrodi mbili zaweza kulingana kwa uzito wote na bado zikapishana ncha kwa ncha. Hilo sikulijua, na mzee yule ndiye aliyeumia.

Chama chetu kilinikopesha. Mwaka 2016 nikafikia Sanyuanli, wilayani Baiyun, Guangzhou, nikiwa na pesa za mashine moja tu ya kupimia ncha za konrodi, na konrodi mbili kuukuu ndani ya begi. Siku nne nilizunguka. Muuzaji wa kwanza alinionyesha mashine ya kiwandani inayopima na kukata chuma yenyewe, bei yake ikiwa deni la maisha. Wa pili alikuwa na mizani nzuri yenye kishikio cha kuning'iniza ncha moja. Nilipima upande wa kranki, nikageuza, nikapima wa pistoni, nikajumlisha: jumla haikufanana na uzito wa konrodi nzima. Kishikio kilikuwa kizito kuzunguka, kinabeba sehemu ya mzigo. Nilitamani kununua tu nirudi nyumbani. Sikununua.

Mashine ya tatu ilikuwa na vihisi viwili, vinavyopima ncha zote mbili kwa pamoja hadi sehemu ya kumi ya gramu. Nilipima konrodi yangu mara kumi, nikiitoa na kuirudisha. Jumla ililingana kila mara. Nikainunua.

Nilidai pia jiwe la kusawazishia mizani, na namshukuru Mungu. Nairobi iko juu na karibu na ikweta, mvutano wa dunia ni mdogo kuliko Guangzhou. Mizani ya vihisi iliyosetiwa kule hupunja hapa zaidi ya gramu moja kwa kila kilo.

Injini ya kwanza niliyoipimia konrodi kwa mashine hiyo ilikuwa ya mzee yule. Sikumtoza kitu. Fundi mwenzangu, ukienda kununua, beba konrodi yako, ipime mbele ya muuzaji, na ujumlishe mwenyewe kabla hujatoa pesa.