Amana ya Jirani



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, huenda mtashangaa kuona familia ya Kiislamu inaandika habari za mbwa. Hata sisi tungeambiwa zamani tungecheka. Lakini yaliyotupata yana funzo, nasi tumeona si vizuri kulikalia.

Tulihama Mombasa kuja Nairobi kwa ajili ya kazi na masomo ya watoto, tukapata nyumba South C. Tulifurahi kwamba msikiti uko karibu na adhana yasikika. Lakini watu hatukuwajua, na njia zote machoni mwetu zilikuwa moja: geti, ukuta, geti, ukuta. Wa kwanza kutubishia hodi alikuwa mama mmoja mzee wa nyumba ya pili, si Muislamu, anayeishi peke yake. Alituletea mahindi ya kuchemsha. Watoto wakaanza kumwita shosho, kama wenzao wa huku wanavyowaita bibi zao.

Wiki ya tatu shosho akaambiwa alazwe hospitali, afanyiwe upasuaji wa nyonga. Siku ya kuondoka alikuja na ombi moja: tumwangalilie mbwa wake, Simba. Sisi ni watu wa pwani, tumelelewa katika madhehebu ya Shafii. Mbwa kwetu ni najisi nzito, akilamba chombo chaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Tukatazamana. Lakini kumkatalia jirani mgonjwa hatukuweza. Tukakubali kwa ulimi, moyo ukabaki nyuma.

Tulimfunga Simba uani kwa shosho kwa kamba fupi, chakula tukimsukumia kwa fimbo. Ijumaa, tukiharakia swala, tuliacha geti wazi. Tuliporudi tulikuta kipande cha kamba tu.

Jioni ile shosho akapiga simu. "Simba amekula?" Tukamjibu, "Amekula, mama, hajambo." Watoto walikuwa wamekaa pale, wote wakasikia. Hakuna aliyesema neno.

Jumamosi tulitoka kumtafuta katika mtaa tusioujua. Tuliuliza masoja wa mageti, vijana wa bodaboda, wauza mboga. Tulipokuwa tukiita "Simba! Simba!", soja mmoja aliruka kutoka kitini. Hakuwa na makosa, kwani mbuga ya wanyama ya Nairobi haiko mbali, na Machi 2016 simba wa kweli alitoka akafika Mombasa Road akamjeruhi mtu. Tulipomweleza ni mbwa, alicheka, kisha akawapigia simu masoja wenzake wa zamu ya usiku. Tulibandika karatasi madukani. Watoto tuliwakataza kumshika mbwa yeyote wasiyemjua kwa kuhofia kichaa cha mbwa. Nanyi wazazi mkumbuke: aliyeumwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Usiku shosho akapiga tena. Tukajibu vile vile. Uongo wa pili ulitoka kwa wepisi kuliko wa kwanza, na hilo lilitutisha.

Jumapili baada ya Adhuhuri tulimweleza ustadhi wa msikitini. Hatukutaja simu, tuliuliza tu kama twapata dhambi kwa kupotea mbwa. Alitukumbusha habari iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kisha akauliza swali moja: "Mwenyewe mmemwambia?"

Tukanyamaza. Akasema, "Mate ya mbwa yana maji na udongo. Uongo kwa mwenye amana mtauosha kwa nini?"

Jioni tulipiga simu sisi. Tulimwambia yote: kamba fupi, geti, na majibu ya uongo. Shosho alikaa kimya kwa muda, tukadhani amekata. Kisha akasema, "Mngeniambia Ijumaa." Miaka mingi aliuza mboga kule Mariakani, South B, na Simba alikuwa akilala chini ya meza yake. "Mwende asubuhi mapema. Mchukue bakuli lake la bati, mligonge."

Jumatatu baada ya Alfajiri tukavuka Mombasa Road kwa daraja la waenda kwa miguu, juu yetu ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2022, chini magari yakipita kwa kasi. Vipi mbwa yule alivuka, Mungu ndiye ajuaye. Watoto walicheka kusikia Mariakani, maana waijuayo wao ni ile ya kwetu Kilifi.

Tuligonga bakuli. Chini ya meza moja tupu kichwa kikainuka. Alikuwa amekonda, mguu mmoja una jeraha, kamba ingali shingoni. Mama wa meza ya pili alituambia, "Huyu yuko hapa tangu Ijumaa usiku. Anangoja mwenyewe."

Tangu Ijumaa. Tungesema kweli saa ile ile, tungemkuta kesho yake. Siku zote zile tulikuwa tukizunguka kusikokuwa, na njia ya kufika kwake ilikuwa katika simu tuliyoijibu kwa uongo.

Mdogo wetu alimmiminia maji bakulini, akarudi nyuma hatua mbili, Simba akanywa. Njiani mtoto akauliza, "Kwa nini mlimwambia shosho amekula?" Hatukuwa na jawabu. Tulimwomba msamaha yeye na ndugu zake, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya.

Shosho amerudi, atembea kwa mkongojo. Hakutulaumu, ila siku ya kwanza aliitazama ile kamba kwa muda mrefu. Sasa iko ndefu, na kando ya geti letu pana ndoo ya maji na kopo la udongo. Twalinda tohara yetu, na twalinda haki ya jirani. Hapana moja inayoizuia nyingine.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutimiza amana, na wenye kusema kweli pale tunapoziharibu. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Familia moja, South C