Kabla ya Kununua Samaki, Hesabu Usiku Mmoja wa Julai

Wasee, leo tuongee ukweli kuhusu akwaponiki. Tangu nianze kuweka vidio za mtambo wetu wa nyumbani hapa Gatongora, swali ninaloulizwa zaidi si samaki gani wala mboga gani. Ni "inaingiza ngapi kwa mwezi?" Juzi kijana mmoja aliye mwaka wa pili chuoni ameniandikia kwamba pesa yake ya HELB ikiingia, anataka kuiweka yote kwa matangi na pampu, aahirishe masomo, halafu arudi darasani na faida. Anasema amepata moyo kwa sababu mimi pia niliacha chuo na "naonekana niko sawa".

Ndugu yangu, mimi niliacha chuo kwa sababu karo ilikataa kutosha. Samaki walikuja baadaye, na hakuna hata mmoja wao amenilipia kitu. Kwa hivyo leo hakuna vidio. Leo ni hesabu.

Kwa wageni, akwaponiki ni hivi: samaki wanakaa kwa tangi, wanakula, wanachafua maji. Pampu inapandisha hayo maji machafu hadi kwa kitanda cha kokoto ambako mboga zimepandwa. Kwenye kokoto kuna bakteria wanaogeuza amonia ya samaki kuwa naitraiti, halafu wengine wanaigeuza hiyo kuwa naitreti, ambayo ni mbolea. Mboga zinakula, maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Hakuna udongo, na maji ni yale yale yanazunguka.

Wazo ni zuri na si uongo. Mtu kama James Rakocy wa Chuo Kikuu cha Virgin Islands alikaa nalo miongo kadhaa, akipima hadi gramu za chakula cha samaki zinazotosha kila mita mraba ya mboga. Lakini angalia hapo kwa jina: Virgin Islands. Ni visiwa vya Karibi, joto usiku na mchana. Sisi tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na Julai usiku wa huku hushuka hadi nyuzi 12 au 13. Tilapia anapenda maji ya nyuzi 27 hadi 30. Maji yakishuka chini ya 20 anakula kidogo sana, na asiyekula hakui. Hizo ramani unazopakua bure mtandaoni hazikuchorwa na mtu anayelala na blanketi mbili.

Ndiyo maana kitu cha kwanza nilichonunua ni kipimajoto cha shilingi 250. Mwaka jana Julai niliweka pipa la maji uani, nikawa nalisoma kila asubuhi saa kumi na mbili kwa wiki mbili. 16, 17, 16, 17, siku moja 18. Mathe akipita ananiangalia nikiwa nimeinamia pipa tupu la maji na daftari mkononi, anaenda zake. Siwezi kujua alikuwa anafikiria nini kuhusu mtoto wake aliyetoka chuo.

Jambo la pili ni stima. Huku stima ikipotea saa tatu usiku, inaweza kurudi asubuhi. Tilapia waliojazana kwa tangi dogo wanategemea hewa inayopulizwa majini. Pampu ikinyamaza, oksijeni inaisha, na kufikia alfajiri unaweza kuwa unawaokota wakielea. Kwa hivyo nilimchagua kambare. Kambare ana kiungo cha pili cha kupumulia, anapanda juu na kuvuta hewa ya kawaida kama wewe na mimi. Usiku bila pampu haumfurahishi lakini haumwui upesi. Baridi haipendi pia, hilo nakubali, ila kati ya shida mbili nilimtafutia dawa ya ile inayoua kwa usiku mmoja. Juu ya hapo nimeweka pampu ndogo ya hewa inayotumia betri kuukuu ya bodaboda.

Mathe hakupenda. "Hiyo yenye masharubu?" Na yeye ndiye benki, kwa sababu zamu yake ya chama ilikuwa imefika na zile shilingi 38,000 zilizojenga huu mtambo zilikuwa zake. Mimi jina langu ni la baba yake, kwa hivyo akiwa serious kabisa huniita baba. Akaniuliza, "Baba, hii pesa itarudi?"

Nilimletea daftari. Na hii ndiyo hesabu nataka huyu kijana wa HELB aione pia.

Tangi langu lina lita 700. Kwa anayeanza, kilo saba za samaki wakubwa ndani ya maji hayo zinatosha, yaani kama samaki 20 wa gramu 350. Kuwafikisha hapo, weka miezi minane, na hiyo ni kama baridi itakuwa na huruma. Watakula kama kilo 12 za chakula. Kwa shilingi 180 kila kilo, hiyo ni 2,160. Pampu ya maji na ya hewa kwa pamoja zinakula wati 30, usiku na mchana, ambayo ni kama uniti 21.6 kwa mwezi. Ukiweka uniti moja shilingi 25, unalipa 540 kwa mwezi, na kwa miezi minane 4,320. Jumla ya gharama: 6,480. Sasa uza hao samaki kilo saba kwa 500 kila kilo. Umepata 3,500.

Soma tena. Samaki hawalipi hata stima yao.

Hizo 2,980 zilizobaki lazima zitoke kwa mboga, ambayo ni kama shilingi 12 na ushei kila siku kabla hujaanza kuona faida. Sisi nyumbani tunanunua sukuma ya thati karibu kila jioni. Ikiwa vitanda vyangu viwili vitatoa mboga ya thati kila siku bila kukosa, mathe anaokoa 900 kwa mwezi. Toa kama 373 za kuziba lile pengo, zinabaki 527. Gawanya 38,000 kwa 527. Miezi 72. Miaka sita.

Na hapo sijahesabu pampu kuharibika.

Alinyamaza, akavua miwani. Halafu akauliza swali ambalo hakuna mtu wa mtandaoni amewahi kuniuliza: "Na maji?"

Hapo ndipo hesabu inageuka. Mfereji wetu hutoa maji siku mbili kwa wiki. Ploti ni hamsini kwa mia kama ploti nyingi za huku zilizokatwa kutoka kwa mashamba ya kahawa, na imejaa nyumba za wapangaji. Mahali palipobaki wazi pamemwagwa maramu na zege. Shamba la kawaida hapo halipo, na hata lingekuwepo lingetaka kunyweshwa kila siku. Mtambo kama huu hupoteza asilimia moja hadi tatu tu ya maji yake kwa siku. Wangu una kama lita 900 kwa jumla, kwa hivyo mtungi mmoja wa lita 20 unatosha. Maji ya mvua kutoka kwa mabati yakiingia, hata huo mtungi hauhitaji kununua. Mwezi wa Februari, wakati sukuma sokoni imepanda bei na imenyauka, na hujui ilinyweshwa na maji ya mtaro gani, yetu itakuwa pale inakua.

Mathe alitoa pesa kwa hiyo sababu. Alisema waziwazi kwamba ananunua mboga za miaka sita mapema. Mimi naona hiyo ni akili kuliko ya wengi wanaoniandikia.

Maana hii nchi tumeona haya mambo. Wale mnaokumbuka 2013 na 2014, mayai ya kware yalikuwa dawa ya kila kitu na utajiri wa kila mtu, halafu kila jirani akawa na kware na hakuna wa kumuuzia. Kabla ya hapo, 2009, serikali kupitia mpango wa kuchochea uchumi ilichimba mabwawa ya samaki, 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, kila bwawa mita mraba 300. Msaada wa vifaranga na chakula ulipokwisha, mabwawa mengi yaliachwa yakaota nyasi. Ukienda pande hizi za Kati kuna jambo lingine: shosho yangu hajawahi kuweka samaki mdomoni maisha yake yote na hana mpango wa kuanza. Soko si kitu unachimba na jembe.

Sasa ujenzi, kwa ufupi, kwa wale bado wako hapa. Nilinunua matangi mawili ya IBC ya lita elfu, yale yenye kizimba cha chuma. Usiangalie bei kwanza, uliza lilibeba nini. Kama muuzaji hawezi kukuonyesha lebo, ondoka, kwa sababu lililobeba kemikali halisafishiki ukaridhika. La kwanza nilikata juu, chini pakawa tangi la samaki na ile sehemu ya juu nikaigeuza ikawa kitanda. La pili likatoa kitanda kingine, na chini yake ndiyo sasa inakinga maji ya mvua.

Uzito ndio watu hudharau. Lita moja ya maji ni kilo moja, na kitanda kilichojaa kokoto na maji kinakaribia nusu tani. Nimekiinua kwa mawe ya Ndarugo, si mbao. Wale mnaouliza kama mnaweza kuweka kwa balkoni ya nyumba ya kupanga, orofa ya tatu: tafadhali, hapana. Na kwa ploti yenye watoto wa wapangaji, waya wa kufunika tangi si pambo. Niliufunga kabla ya kutia hata ndoo moja ya maji. Unazuia pia kambare, ambaye huruka nje na kutambaa kama ana mahali anaenda.

Kokoto, chukua chache utie siki. Zikitoa povu ni za chokaa na zitakuharibia maji, asidi yake itashuka hadi mboga zishindwe kula. Mawe yetu ya huku mengi ni ya volkano kwa hivyo hayana shida. Mtu wa Pwani mwenye kokoto za matumbawe ndiye wa kujihadhari. Osha, osha tena.

Halafu kuna ile sehemu haina vidio kabisa: kungoja bakteria. Unazungusha maji bila samaki, unatia chakula kidogo kioze, unapima kwa matone ya rangi. Mimi nilichukua wiki sita. Amonia ilipanda, ikashuka, naitraiti ikapanda, ikashuka, na siku zote mbili ziliposoma sifuri nikajua kuna watu wanafanya kazi ndani ya yale mawe. Hizo wiki sita watazamaji wangu walipungua kwa nusu. Wenzangu wanaotengeneza vidio wangetia samaki siku ya pili kwa ajili ya picha, na samaki wangekufa siku ya kumi bila kamera.

Vifaranga nilivitoa Sagana, 25, kwa matatu, kwenye mfuko wa plastiki uliojazwa oksijeni. Kondakta alitaka kunilipisha kiti chao. Chagua wa saizi moja, kwa sababu kambare mkubwa humla mdogo bila aibu.

Vidukari wakija kwa sukuma, na watakuja, huwezi kupulizia dawa. Kila kinachogusa jani kinaishia kwa tangi. Naosha kwa maji na vidole, jioni, jani kwa jani. Managu ndiyo imefanya vizuri kuliko zote, sijui kwa nini watu hupanda letasi ambayo hawali.

Kwa kijana wa HELB: nimekujibu inboksi na hapa narudia. Lipa karo. Kama mkono unawasha, chukua ndoo mbili na kokoto, ujifunze bakteria kwa shilingi elfu mbili. Ukitaka kazi ndani ya hii kitu, icipe wako hapo Kasarani kwenye hii barabara yetu ya Thika, wanatafiti wadudu wa kulisha samaki na kuku, na kule mtu mwenye cheti anaingilia mlango ambao mimi siwezi kuugonga.

Hii wiki nafunga karatasi ya naironi kuzunguka tangi upande wa upepo, kabla baridi ya Juni haijaingia. Kambare wako 23. Wawili waliliwa na wenzao. Mathe amewapa majina watatu, akiwemo mmoja anayeitwa Masharubu, na mimi ndiye nitatakiwa kushika kisu.