Viatu Vyekundu vya Dorothy

Mwanao akikuomba umshonee vazi la sinema, usianze na gauni. Anza na miguu. Binti yangu alitaka kuwa Dorothy wa "The Wizard of Oz", filamu ya Marekani ya mwaka 1939, na kovu la kiatu cha kuazima bado analo kisiginoni.

Katika kitabu cha L. Frank Baum cha mwaka 1900, viatu hivyo ni vya fedha. Wenye filamu walivigeuza vyekundu ili vipendeze katika rangi za Technicolor. Lakini chini ya mng'aro ule vilikuwa viatu vya kawaida tu, vilivyofunikwa kwa shashi iliyoshonewa puleki. Baadhi vilibandikwa kitambaa kizito cha sufu chini ya soli, visigonge sakafu.

Basi tafuta kiatu alichokwisha kukizoea mtoto, hata kiwe kikuukuu. Shonea puleki kwenye shashi kwanza, ndipo ukivishe kiatu; ukizigandisha mojamoja juu ya ngozi, zitang'oka pale kinapokunjika. Ukingo wa juu uzungushie utepe laini, kwani puleki hukwaruza kama magamba ya samaki. Rangi iwe damu ya mzee. Soksi nazo usizisahau: Dorothy mwenyewe alivaa za buluu hafifu, nazo ndizo kinga ya malengelenge.

Jozi moja ya asili iliuzwa mnadani mwaka 2024 kwa zaidi ya dola milioni 30, pamoja na ada. Yetu imegharimu pakiti mbili za puleki na jioni tatu, na mwenyewe hajaivua tangu alasiri.